Msaada wa kuitambua picha ya rangi za maji aliyoacha Babu: hapa ni Mufindi, Tukuyu au Umatengo?

#1 Mjukuu wa Mpishi

Wakuu, salaam.

Babu yangu mzaa baba alikuwa mpishi wa wazungu kwenye mashamba ya chai Mufindi. Alipita kwa mabwana kadhaa, akastaafu, akarudi kijijini, akafariki 2003. Vitu alivyoacha ni sanduku la bati, redio, na picha moja ya kuchorwa iliyokuwa ukutani tangu nina akili. Mwezi uliopita tumebomoa nyumba ya zamani. Ndugu wakagawana mabati na milango, mimi nikaomba picha.

Ni ya rangi za maji kwenye karatasi, upana sentimita 38, kimo 28. Kioo kinarudisha mwanga, kila nikipiga kwa simu natokea mimi, kwa hiyo naeleza kwa maneno.

Kushoto wanawake wawili wanatwanga kwenye kinu kimoja, mchi mmoja uko juu, mwingine umezama. Yule wa pembeni kabisa amekatwa nusu na ukingo wa picha. Nguo zao nyeupe. Nyuma yao nyumba ya nyasi, na ukutani mianzi iliyosimama inaonekana pale udongo ulipobanduka. Mwanamke wa tatu amekaa chini, miguu ameinyoosha, anapeta kwa ungo, na makapi yanapeperuka, vinukta tu vya brashi. Karibu yake mtungi wenye mistari myeupe na myekundu shingoni. Kulia mwanamume anaondoka, amegeuza mgongo, jembe begani, mkononi kipande cha mwanzi. Mbali kuna kichaka cha mianzi, bonde lenye miraba ya kijani, mstari wa miti myeusi, kisha mlima wa kilele cha mviringo ulioingia ukunguni.

Sahihi haipo. Nyuma kuna neno moja la penseli, nalisoma "Juni".

Babu tukimuuliza alikuwa anajibu "hapo ni nyumbani" basi. Hakuwahi kusema nyumbani kwa nani. Naomba wenye macho wanisaidie: ni wapi, lini, na nani alichora?

#2 Mnyalu Halisi

Kamwene mkuu. Hapo ni Iringa, usihangaike. Huyo mzee mkononi ana mbeta, kile kipande cha mwanzi cha kukingia, anakwenda kugema ulanzi, pombe yetu ya mianzi. Kichaka cha mianzi hicho hapo umekitaja mwenyewe. Uzi ufungwe.

#3 BintiTukuyu

#2 usifunge uzi wa watu asubuhi hii. Nyumba ya mianzi iliyosimama wima na kukandikwa udongo ni ya Kinyakyusa. Mmoja wa wazungu wa mwanzo kupita kwetu, Joseph Thomson, mwaka 1879, alizisifu nyumba hizo na usafi wake. Ninyi Wahehe nyumba yenu ni tembe, paa bapa la udongo. Mtoa mada amesema nyasi.

Ndaga kwa kuleta picha, mkuu.

#4 Mnyalu Halisi

Dada yangu, tembe nilizikuta, bibi yangu alilala humo. Lakini usidhani Mhehe alikaa kwenye tembe mpaka Uhuru. Paa la nyasi lilishaingia Uhehe zamani. Na mbeta je?

#5 BintiTukuyu

Kwetu mwanzi ulichotea maji. Unatoboa vifundo vya ndani, unaacha cha mwisho, umepata ndoo. Si kila mwenye mwanzi anakwenda kunywa.

#6 Mzee wa Vinyungu

Vijana, nimesoma maelezo mara mbili. Mnatazama nyumba na mwanzi, mnaacha bonde. Miraba ya kijani bondeni ni vinyungu. Mimi nalima Njombe, kinyungu nakijua kwa miguu. Mvua zikikatika, juu mlimani kunakauka, chini bado pana unyevu. Unainua matuta, unachimba mifereji maji yapite, unapanda mahindi na maharage yakomae wakati wenzio wanakula ya ghalani. Ukisimama juu unaona viraba vya kijani na kando yote rangi ya kahawia.

Mkuu wa mada, vilima vilivyozunguka bonde vina rangi gani?

#7 Mjukuu wa Mpishi

Shikamoo mzee. Vilima vya karibu ni rangi ya mchanga, kama nyasi kavu. Kijani ni bondeni na kwenye mianzi tu. Na ile miraba mingine inapanda kidogo kwenye mteremko.

#8 Mzee wa Vinyungu

Marahaba. Basi ni kiangazi, Julai mpaka Septemba. Hiyo "Juni" yako inakaribia ila imewahi kidogo, maana mwezi wa sita ndiyo kwanza tunainua matuta.

#9 Mmatengo wa Litembo

Mzee #6 kwa heshima zote, hapo kwenye "inapanda kwenye mteremko" naomba nisimame. Kinyungu hakipandi mlima. Kinachopanda mlima ni ngoro. Huko Mbinga tunafyeka nyasi, tunazilaza chini kwa kukatizana mpaka zitoke kama wavu, halafu tunachimba katikati ya kila jicho la wavu na kuifunika ile nyasi kwa udongo. Katikati linabaki shimo, pembeni tuta. Mvua ikinyesha maji yanatulia shimoni badala ya kuburuza shamba lote mpaka mtoni. Babu zetu walisukumwa milimani na vita vya Wangoni, wakajifunza kulima mahali ambapo mbuzi anateleza.

Mlima wenye ngoro ukiutazama kutoka ng'ambo unaona miraba mitupu. Hiyo picha ni Umatengo.

#10 Kapuku77

Nimekaa pale na karanga zangu. Mikoa mitatu kwenye karatasi moja.

Ila mimi naona ni kazi ya Sam Ntiro. Yule alichora sana maisha ya kijijini. Mkuu, huenda umeshika mali nzito.

#11 Mwalimu Mstaafu

Kapuku77, hapana. Sam Ntiro (1923–1993) alikuwa mtu wa Kilimanjaro, na vijiji vyake ni vya migombani huko. Alisoma na kufundisha Makerere, baadaye akawa Balozi wetu Uingereza. Kazi zake zinazojulikana ni za rangi za mafuta, watu wadogo wengi wanafanya kazi pamoja, rangi nzito. Hii iliyoelezwa ni ya maji, watu wanne, ukungu. Mikono miwili tofauti.

Na kabla mwingine hajasema Tingatinga: Edward Saidi Tingatinga alitumia rangi za kung'aa za kopo juu ya ubao, Dar es Salaam, mwishoni mwa miaka ya 1960 mpaka alipofariki 1972.

Swali kwa mtoa mada: babu aliwapikia Wajerumani au Waingereza?

#12 Mjukuu wa Mpishi

Shikamoo mwalimu. Wote. Alianza kijana mdogo kwa Mjerumani, kazi ya kuosha vyombo. Baadaye Waingereza. Kuna wakati alikuwa anataja "Wapolandi" wa Ifunda, lakini sikujua ni hadithi ya nini.

#13 Mwalimu Mstaafu

Marahaba. Si hadithi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili wakimbizi wa Kipoland, wengi wakiwa akina mama na watoto, waliletwa Tanganyika, na kambi zao mbili zilikuwa huku kwetu: Ifunda, na Kidugala upande wa Njombe. Walikuwa na shule na makanisa yao. Mwanamke wa Kipoland mwenye kisanduku cha rangi, siku nzima hana pa kwenda, ni mtu wa kufikiriwa sana hapa.

Ama Mjerumani: Septemba 1939 vita vilipotangazwa walikamatwa, mashamba yakawekwa chini ya msimamizi wa mali za adui. Aliyekuwa na nyumba Mufindi au Sao Hill aliacha vitu mezani. Mtumishi wa jikoni angeweza kubaki na picha ambayo hakuna aliyerudi kuidai.

#14 Brashi na Maji

Habari za humu. Mimi nachora kwa rangi za maji, Mbeya mjini, nimechelewa kuuona uzi.

Sentimita 38 kwa 28 ni robo ya karatasi nzima ya wachoraji. Karatasi nzima ya kipimo cha Kiingereza ni 56 kwa 76. Ukiikunja mara mbili unapata hiyo yako. Kwa hiyo huyu hakununua daftari dukani, alikuwa na karatasi kubwa akaikata. Mkuu, ukiitoa kwenye fremu uiinue dirishani utazame kama ina alama ya maji, yaani maandishi yanayoonekana mwanga ukipita. Karatasi nzuri za Kiingereza za J. Whatman zilikuwa na jina, na nyingi zilikuwa na mwaka.

Jambo la pili. Wengi hapa mnaitazama picha kana kwamba mchoraji alisimama akapiga chapa kila kitu. Rangi ya maji haina muda huo. Rangi yenyewe ni unga laini uliofungwa kwa gundi ya mgunga, ile inayouzwa sana na Sudan. Ukitia maji inayeyuka, ukiweka kwenye karatasi inakauka kwa dakika. Jua likiwa kali inakauka ukiwa bado umeishika brashi. Huku kwetu Juni ukungu ukiwepo haikauki kabisa, unasubiri mpaka unapigwa na baridi. Basi wengi huchora vipande: leo kinu, kesho mlima, keshokutwa mzee na jembe, halafu nyumbani anaviunganisha kwenye karatasi moja. Hivyo ulanzi wa masika na vinyungu vya kiangazi vinaweza kukaa pamoja bila mtu kudanganya.

Na ile miraba inayopanda mteremko: rangi mbichi ikiguswa na maji mapya inarudi nyuma na kuacha ukingo wenye meno, kama ua la kabichi. Kaitazame tena. Huenda mnagombania bahati mbaya ya brashi.

#15 Mmatengo wa Litembo

Bahati mbaya ya brashi haipangi mistari.

#16 FundiFremu

Mimi kazi yangu ni fremu. Kabla hujaitoa nisikilize, maana hapa ndipo watu wanapoua picha.

Usikwangue kioo. Ilaze kifudifudi juu ya shuka safi. Ile tepu ya nyuma ikate kwa wembe kuzunguka, usiivute. Misumari ing'oe kwa koleo, polepole. Halafu inua ubao wa nyuma, SIYO picha. Kama karatasi imegusana na kioo unyevu unakuwa umeibandika. Usibandue kwa nguvu, iache mahali pakavu siku kadhaa, inaweza kuachia yenyewe.

Na tafadhali, usifute kwa kitambaa chenye maji. Kuna mama aliniletea picha ya marehemu mumewe, ua la pareto shambani. Msichana wa kazi alikuwa ameipangusa kama anavyopangusa meza. Mbingu yote ilitoka na kitambaa. Yule mama alisimama dukani ameshika kitambaa kile cha bluu mkononi.

Kuhusu neno la nyuma: mafundi tunaandika "JUU" nyuma ya picha ili tusiigeuze kichwa chini wakati wa kupiga misumari. Una uhakika ni "Juni"?

#17 BintiTukuyu

Eeh! Juni imekuwa Juu.

#18 Kapuku77

Au June, jina la mke wa bwana shamba. Mimi naendelea na karanga.

#19 Mwalimu Mstaafu

Kapuku77 safari hii una hoja, lichukulieni kwa uzito. Tulipange hivi. "Juni" ni Kiswahili na pia ni Kijerumani, herufi kwa herufi. Mwingereza angeandika "June". Mpolandi angeandika "czerwiec", neno ambalo halifanani kabisa, kwa hiyo neno hili likiwa ni mwezi, nadharia yangu ya #13 inapungua nguvu. Likiwa ni "Juu" aliandika fundi au babu mwenyewe.

Mtoa mada atazame alama za juu ya herufi. Wajerumani waliosoma mwandiko wao wa Sütterlin, uliofundishwa shuleni kuanzia 1915 mpaka 1941, walikuwa wanaweka kipinde kidogo juu ya "u" ili isichanganywe na "n". Ukiona kipinde juu ya herufi ya pili na nukta karibu na mwisho, tafuta Mjerumani.

#20 Mjukuu wa Mpishi

Wakuu, nimeifungua jana usiku kama alivyoelekeza FundiFremu. Mikono ilikuwa inatetemeka. Bahati nzuri ilikuwa imezungushiwa kadi, haikugusana na kioo. Nyuma fundi wa zamani aliweka karatasi ya boksi, nayo imeichoma picha kwa nyuma rangi ya chai.

Haya ndiyo niliyoyaona.

Moja, alama ya maji ipo. Nimeinua dirishani asubuhi: kwenye kona ya chini imeandikwa ATMAN, mwanzo umekatwa, na chini yake 193, tarakimu ya nne imekatwa pia.

Mbili, lile neno lina alama moja tu juu, imekaa kati ya herufi ya pili na ya tatu, kama mkato. Sijui ni kipinde, ni nukta au ni uchafu wa nzi.

Tatu, na hili ndilo limeniweka macho mpaka saa nane. Ile kadi ilikuwa imefunika kama kidole kimoja cha picha pande zote. Yule mama wa pembeni niliyesema amekatwa nusu hakukatwa na mchoraji, amefunikwa na kadi. Chini ya kadi kuna bega lake, mkono wake wote wa kushoto, na nguo yake. Nguo hiyo siyo nyeupe. Ni nyekundu, wakuu. Nyekundu kama pilipili iliyoiva, na ina pindo jeusi. Inaanza nyekundu, inafika pale kadi ilipoishia, inageuka nyeupe kwa mstari ulionyooka kama wa rula. Miaka yote hii tumekuwa tukimtazama mtu aliyefutwa na jua.

#21 Brashi na Maji

Mkuu, nimesoma hapo nimesimama.

Nyekundu nyingi za zamani ndivyo zilivyo, hasa karmini inayotokana na wadudu, na baadhi ya zile za alizarini. Hazistahimili mwanga. Udongo mwekundu na wa njano unabaki, bluu nyingi zinabaki, nyekundu ya kupendeza ndiyo inaondoka kwanza. Kwa hiyo kijani cha bondeni unachokiona leo nacho kiangalie kwa tahadhari. Kama alikichanganya kwa njano dhaifu na bluu, njano imekimbia. Huenda vilima vya "mchanga" navyo vilikuwa na rangi nyingine.

#22 Mzee wa Vinyungu

Kumbe ushahidi wangu wa kiangazi umesimama juu ya rangi iliyokimbia. Pembeni chini ya kadi, upande wa bonde, rangi ikoje?

#23 Mjukuu wa Mpishi

Mzee, chini ya kadi upande wa kulia vilima vina kijani hafifu. Siyo cha masika yale mazito, lakini siyo nyasi kavu.

#24 Mnyalu Halisi

Tunarudi kwangu sasa. Kijani hafifu ni Mei, mwanzo wa Juni. Ulanzi unaanza na mvua, Desemba au Januari, unaishia huko huko Mei. Mgemaji anapita asubuhi na jioni, anakata ncha ya chipukizi kidogo tu, kama unakata kucha, anarudishia mbeta. Mwishoni mwa msimu unatoka kidogo lakini unatoka. Huyo mzee anakwenda kugema tone la mwisho. Na mtogwa wa siku hizo, jamani, ule mtamu usiokaa hata usiku mmoja, watoto walikuwa wanapewa.

#25 BintiTukuyu

Mnyalu picha yoyote utakayoonyeshwa utaona ulanzi.

Lakini nguo nyekundu inabadilisha mengi. Nilipoona "nyeupe" nilidhani ni merikani, ile kitambaa ghafi, nikasema hawa ni watu wa misheni, labda Rungwe kwa Wamoravian waliofika kwetu 1891. Nyekundu yenye pindo jeusi ni kanga au leso ya dukani. Mtu aliyevaa nguo ya dukani kutwanga yuko karibu na mshahara, karibu na shamba la mzungu. Nakubali kushuka kidogo kutoka Tukuyu kuelekea Mufindi. Kidogo.

#26 Kyela Kwetu

Poleni kwa kuchelewa. Mbona mtungi mmeuacha? Mistari myeupe na myekundu shingoni ni chungu cha Wakisi. Akina mama wa Ikombe, ng'ambo ya Matema, wanafinyanga bila gurudumu, wanazungusha kwa mkono juu ya kigae, wanasugua kwa kokoto mpaka kinateleza, halafu wanapaka udongo mweupe na mwekundu. Jumamosi mitumbwi inashusha vyungu soko la Lyulilo, vimepangwa kwa nyasi visigongane. Nilikulia hapo. Hiyo picha ni ya watu wa karibu na Ziwa Nyasa.

#27 Mzee wa Vinyungu

Kijana, chungu cha Mkisi kina miguu. Kilipanda milima ya Livingstone mpaka Ukinga kwa kubadilishana na chakula, kikafika Tukuyu, kikafika Mbeya. Mama yangu alikuwa nacho Njombe. Chungu kinakuambia ni nani alikifinyanga, hakikuambii kinachemkia wapi.

#28 Kapuku77

Miti myeusi mstari mmoja si misindano ya Sao Hill? Basi ni ya juzi tu, karatasi ya zamani mtu alikuwa nayo kabatini.

#29 Mwalimu Mstaafu

Inawezekana kuhusu karatasi, na ni vizuri umelisema: mwaka wa karatasi si mwaka wa picha. Mpolandi wa 1943 angeweza kupewa karatasi ya 193- na bwana shamba yeyote. Lakini misindano hapana. Sao Hill majaribio yalianza 1939, na upandaji mkubwa ukaja baada ya Uhuru. Miti myeusi ya mstari inaweza kuwa mikaratusi ya mpakani mwa shamba, au msitu wa asili tu ulioachwa kwenye korongo. Miwati ya Njombe nayo ilipandwa kwa wingi kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940. Mkuu, ncha za miti zimechongoka au zimetandaa?

#30 Mjukuu wa Mpishi

Zimetandaa juu, mwalimu. Ila ni mfagio mmoja wa brashi, mti na mti haujatenganishwa.

Nina habari nyingine. Nimempigia shangazi, dada mkubwa wa baba, nikamweleza hilo la bega na mkono. Akanyamaza. Kisha akaniuliza: "Mkono upi uko juu kwenye mchi?" Nikamwambia kushoto. Akasema: "Huyo ni mama." Bibi alifariki kabla sijazaliwa, picha ya kamera hakuwahi kupigwa. Shangazi anasema Bibi alitwanga mkono wa kushoto ukiwa juu, na wenzake walikuwa wanamlalamikia wakitwanga naye, maana mchi wake unakuja kwa upande usiouzoea.

#31 Mama Upendo

Nimekuwa nasoma kimya kimya, hapa nimeshindwa. Mimi natwanga kushoto. Ukitwanga na mwenzio wa kulia lazima msimame kwa kukatana, siyo kutazamana, la sivyo mtagongana vichwa. Tazama miguu yao mwanangu. Mchoraji aliyetazama kweli atakuwa amewapanga hivyo.

#32 Mjukuu wa Mpishi

Mama shikamoo. Wamesimama kwa kukatana. Mimi siku zote nilidhani mchoraji alikosea.

#33 Brashi na Maji

Sikutaka kusema mapema, lakini nauliza. Babu yako mwenyewe hakuwahi kuchora? Mpishi anakaa saa nyingi karibu na veranda. Mama wa nyumba anachora, anachoka, anaacha robo ya karatasi na vibonge vya rangi vilivyobaki. Mtu wa nje anapochora watwangaji huweka katikati kile kinachomshangaza, kinu chenyewe. Hapa katikati pametupu, na aliyependwa kuliko wote amewekwa ukingoni kabisa, na nguo yake ndiyo yenye rangi ya gharama.

#34 FundiFremu

Hapo naunga mkono. Na "Juu" ni neno la mtu aliyejipigia fremu mwenyewe. Ile karatasi ya boksi ya nyuma siyo ya duka la wazungu.

#35 Mwalimu Mstaafu

Tusimkimbize kijana. Kusambaza ukungu juu ya mlima kwa rangi ya maji si kazi ya mara ya kwanza. Aliyechora hivyo alikwisha haribu karatasi nyingi, na karatasi hizo ziko wapi? Babu aliacha moja tu.

#36 Mnyalu Halisi

Mwalimu, mpishi karatasi iliyoharibika anawashia moto.

#37 Mjukuu wa Mpishi

Babu nilimwona akichora kitu kimoja tu maishani: alama kwenye mifuko ya mahindi, kwa mkaa, ili isichanganywe mashineni. Kuku mmoja, kwa mstari mmoja bila kuinua mkono. Sikuwahi kulifikiria mpaka leo.

#38 Mmatengo wa Litembo

Wakati mnasubiri, naomba uitazame ile miraba kwa kioo cha kukuzia. Kama katikati ya kila mraba kuna kivuli upande mmoja, ni shimo. Kinyungu hakina kivuli katikati.

#39 Mjukuu wa Mpishi

Kuna kivuli kwenye miraba mitatu. Mingine haina.

#40 Mzee wa Vinyungu

Mitatu!

#41 Mama Upendo

Mwanangu, picha umeiweka wapi kwa sasa?

#42 Mjukuu wa Mpishi

Ndani ya bahasha safi, kati ya mbao mbili, kabatini, mbali na dirisha na mbali na jiko. FundiFremu amenielekeza kadi isiyo na asidi na nafasi ya hewa nyuma. Nimemwomba kadi mpya iwe na tundu kubwa zaidi, ili bega lionekane.

#43 Brashi na Maji

Ukilionyesha bega, nalo litaanza kufifia. Nakushauri upige picha nzuri ya kamera kwanza, halafu ukutani uweke nakala.

#44 FundiFremu

Hapo tutabishana, mkuu. Kuna vioo vinavyozuia sehemu mbaya ya jua. Picha ya familia ifungiwe kabatini kwa faida ya nani?

#45 Mjukuu wa Mpishi

Wakuu, shangazi amefika leo mchana kwa basi. Nimempa picha mkononi, bila kioo. Hakuitazama sura, zile sura hazina hata macho, ni tone la rangi tu. Alitazama mikono. Halafu akainua mikono yake mwenyewe hewani akashika mchi usiokuwepo, kushoto juu, akabaki hivyo.

Nimemuuliza Bibi alizaliwa wapi. Anasema Bibi alikuwa Mkinga wa Bulongwa. Alishuka Mufindi na kaka yake aliyefuata kazi ya chai, na alichobeba ni mtungi mmoja.

#46 Kyela Kwetu

Si nilisema chungu?

#47 Mnyalu Halisi

Subiri kwanza. Yeye Mkinga, chungu cha Mkisi, nyumba ya Kinyakyusa, nguo ya duka la Mufindi. Muulize shangazi: kwao Bulongwa nyumba zilikuwa za mianzi? Na huo mlima nyuma, Bibi alikuwa anauonaje akiwa Mufindi?

#48 Mjukuu wa Mpishi

Amelala, amechoka na safari. Nitamuuliza asubuhi.